Maji ya Mvua ya Madaraja Yasimwagwe Baharini

Serikali imeamua kukiunganisha Kisiwa cha Uzi na Unguja Ukuu kwa daraja. Kwa wananchi waliozoea kungoja maji yatoke ndipo wavuke, na mgonjwa wao akangoja pamoja nao, hili ni jambo la kushukuriwa, nasi tunalishukuru. Lakini tunalo swali moja kwa wahandisi wetu: mvua ikinyesha juu ya daraja, maji yale yatakwenda wapi?

Mazoea ya wajenzi wengi ni kuacha matundu kandokando ya daraja, maji yakaanguka moja kwa moja chini. Lakini hayo si maji ya mvua tena. Yamebeba mafuta yaliyovuja, vumbi la breki lenye shaba na unga wa matairi wenye zinki. Mvua ya kwanza, baada ya miezi ya jua kali, ndiyo ichukuayo uchafu mwingi zaidi. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kuyapima maji kwa rangi, utamu na harufu. Haya yaweza kufaulu mitihani yote mitatu na bado yakaua.

Mji wa Seattle, Marekani, ulijifunza hayo kwa hasara. Kwa miaka mingi samaki waitwao coho walikuwa wakifa katika vijito vyake mvua zinaponyesha, kabla ya kutaga mayai. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba muuaji ni kemikali itokanayo na kiungo kinachotiwa katika matairi ili yasipasuke upesi. Tiba, hata hivyo, ilikwisha kujulikana. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, samaki waliowekwa katika maji ya barabara kuu yaliyochujwa kwa mchanga, mboji na maganda ya miti hawakufa; wenzao wa maji yasiyochujwa walikufa. Chini ya Daraja la Aurora la mji huo, lililofunguliwa mwaka 1932, vikatengenezwa vitalu vya mimea vya kuyapokea maji kabla hayajafika ziwani.

Atatokea afisa wa kutuambia kwamba coho hawapo Unguja, na kwamba mikoko itachuja yenyewe. Coho hawapo, ni kweli. Lakini mikokoni ndiko wanakokulia samaki wadogo na ndiko akina mama wanakookota kombe. Si jaa la taka.

Tunachotaka si kikubwa. Maji yakusanywe kwa mabomba hadi ncha za daraja, nchi kavu, yaingie katika vitalu vya mchanga na mboji vilivyopandwa matete na ukangaga. Yazame kwa siku moja, yasituame yakazaa mbu. Mabomba yakiwamo katika michoro tangu awali, gharama huwa nafuu. Kuyafunga katika daraja lililokwisha kusimama ni kazi nyingine kabisa. Tena atajwe mapema atakayezoa taka na kubadili udongo wa juu, maana tumeona mitaro iliyozinduliwa kwa ngoma ikazibwa na chupa za plastiki kabla ya mwaka kutimia. Michoro ya vitalu hivyo iwekwe wazi ofisini kwa Sheha, wavuvi waione.