FARAGHA MTANDAONI ISIWE HISANI

Mfanyakazi anayefungua simu yake jioni ili asome bei ya saruji, au dalili za maradhi ya mwanawe, hadhani kwamba yupo anayemfuata nyuma akiandika kila mlango anaoubisha. Ndivyo ilivyo, na hapana budi wananchi waelewe sababu yake.

Mwaka 1994 fundi wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alibuni kidakuzi, yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiweka katika kivinjari cha mtumiaji ili imtambue arudipo. Nia ilikuwa njema, maana bila ya kumbukumbu hiyo tovuti humsahau mtu kila afunguapo ukurasa mpya. Lakini wafanya biashara ya matangazo wakaona mwanya. Tangazo lililobandikwa katika tovuti elfu laweza kuweka kidakuzi chake katika zote, na mwenye tangazo akaijua safari nzima ya msomaji.

Wataalamu waliiona hatari hiyo mapema. Februari 1997 IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, ilitoa waraka namba 2109, uliotaka vidakuzi vya wageni wa namna hiyo vikataliwe mpaka mtumiaji mwenyewe aruhusu. Kanuni ilikuwa ya haki, lakini watengenezaji wakubwa wa vivinjari hawakuifuata. Waraka uliotolewa mwaka 2011 ukawaachia wao wenyewe uamuzi. Safari ilivifungia vidakuzi hivyo mwaka 2020. Mwaka huo huo Google, ambayo pato lake kubwa hutokana na matangazo, iliahidi kuviondoa katika Chrome kwa muda wa miaka miwili. Ikaahirisha tena na tena, na Julai 2024 ikauacha mpango huo.

Fundisho ni wazi. Lango ambalo ufunguo wake umeshikwa na anayefaidika likiwa wazi, halitafungwa kwa kuombwa.

Tusidanganyike kwamba kila kipimo kidogo hakina madhara. Tovuti ikijua kuwa mtandao wa msomaji ni dhaifu, yaweza kumletea picha nyepesi na kumwokolea kifurushi chake; hilo ni jema. Lakini mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba hata kiasi cha chaji ya betri chaweza kutumika kumfuatia mtu, na mwaka 2017 Firefox ikazizuia tovuti zisikisome. Basi kila kanuni mpya ianze na swali moja: tovuti inahitaji kujua nini, wala si zaidi?

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake. Hiyo ni silaha njema, lakini sheria ya nchi peke yake haiandiki kanuni za vivinjari. Milango ya IETF i wazi kwa yeyote. Wataalamu wetu wa vyuo na wa Serikali waingie, waseme kwa niaba ya mwenye simu ya bei nafuu.

Nasi wanachama tuanze nyumbani: atumiaye simu ya kuazima aifunge akaunti yake kabla ya kuirudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Faragha ni haki ya mtu, wala si hisani ya tajiri.