Sehemu ya 6: Nyumba ya kwanza ni ile wanamolala watoto

Leo najua nitagombana na mashangazi, lakini nasema. Kama mko hapa Uingereza, mna watoto wadogo, na mmeshakubaliana kwamba miaka kumi ijayo maisha ni hapa hapa, nunueni fleti ndogo ya kisasa huku KABLA ya kujenga nyumbani. Sio baada. Kabla.

Utaratibu wetu tunaujua. Mshahara wa kwanza ukiingia unaulizwa kiwanja. Kiwanja kikipatikana unaulizwa msingi. Halafu boma, kupaua, madirisha ya alumini, geti, na fundi anayepiga simu kila Ijumaa saruji imeisha. Miaka sita inakatika. Nyumba ya vyumba vitano ipo Tanzania, inakaliwa na mlinzi na popo, na watoto wenye nyumba yao wamelala wote chumba kimoja cha kupanga, ukuta wa nyuma ya kitanda una ukungu mweusi. Ukiuliza unaambiwa, "Angalau tuna kwetu."

Mimi nesi, kwa hiyo naanza na kifua. Ukungu wa ukutani sio uchafu wa kufuta na dawa ukasahau. Unaamsha pumu, unaleta maambukizi ya njia ya hewa, na wachanga ndio wanaoumia zaidi. Desemba 2020, mtoto Awaab Ishak alifariki Rochdale akiwa na miaka 2, na mwaka 2022 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema chanzo ni ukungu wa muda mrefu ndani ya fleti yao. Wazazi walikuwa wamelalamika. Sheria yenye jina lake imeanza kutumika Oktoba 2025, ila imeanza na nyumba za mabaraza na mashirika ya nyumba. Wewe uliyepanga kwa mtu binafsi, bado unabembeleza.

Nyumba mpya ina faida hapo. Cheti chake cha nishati mara nyingi ni A au B, joto halikimbii, bili inapumua. Ila jamani, kilichoziba joto kimeziba na mvuke. Ile feni ndogo inayonguruma bafuni usiku kucha sio ya kuzima ili kuokoa umeme, ndiyo mapafu ya nyumba. Na ukienda kuangalia fleti, nenda mchana wa jua. Vioo vikubwa vinavyotazama magharibi vinapendeza kwenye picha, lakini Julai chumba cha mtoto kinakuwa tanuri, na mchanga anatakiwa alale kwenye nyuzi 16 hadi 20.

Udogo sasa. Watu wanasema, "Vyumba viwili tu?" Kipimo cha kitaifa cha fleti ya vyumba viwili kwa watu watatu ni mita za mraba 61. Zinatosha, tena kwa mama anayerudi zamu ya usiku ni neema, usafi wa dakika ishirini umeisha. Kuweni macho tu na ofisi za zamani zilizogeuzwa fleti: kabla ya Aprili 2021 hazikulazimika kufuata kipimo hicho, na zipo unazoweza kupika ukiwa umekaa kitandani. Uliza jengo lilikuwa nini zamani.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndipo wengi wanapigwa bila kujua.

Kwa England, anayenunua nyumba ya kwanza halipi ushuru wa stempu mpaka pauni 300,000. Lakini "nyumba ya kwanza" kwao maana yake hujawahi kumiliki nyumba ya kuishi MAHALI POPOTE DUNIANI. Ile ya Kibaha inahesabika. Na kama ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, yaani zaidi ya shilingi milioni 100, unaongezewa asilimia 5 juu ya bei yote, kama tajiri anayekusanya nyumba.

Piga hesabu ya fleti ya pauni 240,000. Asiye na nyumba kokote analipa sifuri. Mwenye nyumba ya thamani hiyo Tanzania analipa pauni 14,300. Fleti ile ile, ghorofa ile ile! Kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba yote ya malipo ya kwanza. Na msijifiche kwenye jina la mume: wanandoa wanaoishi pamoja wanahesabiwa kitu kimoja kwenye hiyo asilimia 5. Kiwanja kitupu hakina shida, siyo nyumba. Boma lililofika kwenye linta, mwambie wakili kabla hujasaini chochote, na usimfiche.

Akaunti ya Lifetime ISA nayo ni hivyo hivyo. Ukiifungua kabla hujafika miaka 40, ukaweka mpaka pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza asilimia 25. Ukiwahi kumiliki nyumba popote, huwezi kuitumia kununulia, na kuzitoa hela mapema kuna makato.

Ndiyo maana nasema kabla. Ukianza huku, bado utajenga kwenu, na hakuna atakayekudai ushuru wa Uingereza kwa kujenga Kibaha. Ukianza kule, mlango wa huku unakuwa mzito.

Sio kila mtu lakini. Kama visa yako imebaki mwaka mmoja, subiri. Benki nyingine zitataka malipo ya kwanza makubwa zaidi kwa mwenye visa, na ukipoteza kazi, mwajiri akiondoa udhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mwingine. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza kibali cha kudumu kisogezwe kutoka miaka 5 kwenda 10, kwa hiyo usinunue kwa hesabu za mwenzako aliyekuja 2018. Na kama moyo wako uko kwenye kurudi baada ya miaka mitatu, nenda kajenge kwa amani, gharama za kununua na kuuza zitakula faida yote.

Kuhusu wazazi, msidanganye. Mwambieni mama ukweli kwamba miaka miwili hii hakuna tofali, kuna dawa zake za presha na ada ya mdogo wako, basi. Wengi wataelewa ukiwatajia mjukuu anayekohoa usiku. Shangazi hataelewa, na atasema kwenye kikao cha harusi. Mwacheni aseme.

Sehemu ya 7 nitaongelea ada ya huduma za jengo, maana fleti nyingi hapa unapewa kwa miaka, kama hati yetu ya miaka 99, na mwenye jengo anaendelea kukutumia bili. Mwenye barua yake ya ada aifiche jina na anwani, anitumie nimsomee.