Kosa Huenda ni la Ukuta

Ndugu msomaji, huenda katika darasa lenu la kisomo yuko bibi mmoja anayekaa nyuma. Mwalimu akisoma neno, yeye hutamka jingine. Wenzake hucheka. Mwishowe huacha kuja, na watu husema, "Uzee umemshinda." Mimi sikubali. Kabla ya kumlaumu bibi huyu, tuchunguze kwanza ukuta.

Simama mbali kidogo na jabali kubwa, uite, "Hoo!" Jabali nalo litaita, "Hoo!" Wako wanaosema kwamba anayejibu ni shetani wa mlimani. Si shetani. Ni sauti yako mwenyewe. Sauti husafiri hewani kwa mawimbi. Ikigonga kitu kigumu hurudi, kama mpira uliopigwa ukutani. Sauti hiyo inayorudi ndiyo mwangwi.

Sauti huenda karibu mita 340 kwa sekunde moja. Ili sikio litenganishe sauti yako na mwangwi wake, lazima ipite kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa muda huo sauti huenda mita 34, yaani mita 17 kwenda na mita 17 kurudi. Ukisimama karibu zaidi ya hapo, mwangwi upo, lakini huchanganyika na sauti yako. Huusikii peke yake.

Sasa turudi darasani. Ukumbi wenye kuta za matofali, sakafu ya saruji na paa la bati ni kama majabali yaliyokuzunguka, tena yako karibu. Mwalimu akisema "kata", sauti hugonga ukuta huu, huruka hadi ule, kisha hurudi tena. Kabla haijaisha, amekwisha kutamka "pata". Neno la kwanza hulifunika la pili. Aliye mbele humsikia mwalimu. Aliye nyuma husikia kuta kuliko mwalimu. Je, hapo mjinga ni nani?

Jaribu mwenyewe. Ingia ukumbini wakati hamna watu, upige kofi mara moja. Je, mvumo unaendelea? Basi huyo ndiye adui wa somo. Tundika mablanketi na magunia kwenye kuta, kisha piga tena. Mvumo utapungua, kwa sababu vitu laini humeza sauti. Ndiyo maana nyumba ya nyasi haivumi kama nyumba ya bati.

Wengine watasema, "Mwalimu apaze sauti." Hapana. Akipaza sauti, mwangwi nao unazidi. Afadhali aseme polepole, na wanafunzi wasogee karibu naye. Kama ukumbi bado unavuma, someni chini ya mwembe. Huko hakuna kuta za kurudisha sauti. Bibi asiposikia hata chini ya mwembe, hapo apelekwe zahanati akapimwe masikio.

Tukijenga darasa jipya, tusiulize tu kama litazuia mvua. Tuulize pia kama mtu wa nyuma atasikia. Darasa zuri lisilosikika halimfundishi mtu.

Ndugu msomaji, leo jioni pita nyumbani kwa yule bibi. Mwambie kosa huenda halikuwa lake. Mrudishe darasani, mkalishe mbele.