Somo la Jamii Lianze na Jamii Yenyewe

Kila mwaka wa masomo uanzapo, vijana wengi huingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii. Aghalabu mhadhiri huwagawia muhtasari wa kozi, huwasomea tarehe za mitihani, kisha huwataka wanakili kwamba baba wa elimu hii ni Auguste Comte. Kijana hutoka akidhani kuwa jamii ni kitu kilichogunduliwa Ufaransa na kuhifadhiwa vitabuni.

Kwa maoni yetu, desturi hii ina madhara. Siku ya kwanza ndiyo imwoneshayo mwanafunzi kazi yake itakuwa ipi: kufikiri au kukariri. Akishazoea kukariri, atahitimu na kurudi kutumikia watu asiowafahamu.

Lipo jambo jepesi liwezalo kufanywa. Wanafunzi wapewe vipande vya karatasi, na bila kutaja jina kila mmoja aandike tarakimu tatu: bibi mzaa mama alizaa watoto wangapi, mama yake wangapi, na yeye mwenyewe anatarajia wangapi. Karatasi zichanganywe, hesabu ziandikwe ubaoni. Idadi ya watoto ni shauri la mume na mke, wala hawaliombei ruhusa kwa taifa. Hata hivyo, yaelekea sana kwamba tarakimu zitapungua kizazi hadi kizazi. Ni nani aliyewaamrisha?

Hapo mhadhiri aeleze kwamba, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, wastani wa uzazi Tanzania ulikuwa watoto 5.7 kwa kila mwanamke mwaka 2004/05, na 4.8 mwaka 2022. Vijana wenyewe watataja sababu: elimu ya wasichana, maisha ya mjini, ada za shule, kupungua kwa vifo vya watoto. Watabishana, na kubishana kwa hoja ndiko kusoma. Akitokea atakayesema kwamba bibi asiyezaa hana mjukuu humu wa kumwandika, hivyo hesabu imeelemea upande mmoja, huyo amekwisha kuufikia mlango wa utafiti.

Baada ya hayo, majina ya wanazuoni yatakuwa na maana. C. Wright Mills, katika kitabu chake cha mwaka 1959, alieleza kwamba mtu mmoja akikosa kazi katika mji wa watu 100,000, hilo ni tatizo lake. Wakikosa milioni 15 kati ya milioni 50, hilo ni suala la umma. Aidha, atajwe Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, ambaye mwaka 1377 aliandika Muqaddima na kuchunguza jinsi mshikamano wa watu, asabiya, unavyojenga dola na jinsi unavyolegea. Kumtaja si kumshusha Comte; ni haki ya historia.

Wapo watakaosema kwamba ukumbi wenye mamia ya wanafunzi hauruhusu mambo haya. Jawabu ni kwamba safu moja ya viti yatosha kwa hesabu, na waliobaki watashiriki katika kuulizana.

Enyi wahadhiri, muhtasari wa kozi waweza kubandikwa ukutani. Saa ile ya kwanza wapeni vijana swali linalowahusu, nao watarudi wiki ya pili wakitafuta jawabu.