Kabla hujazitupa CD zako, nunua draivu

Wadau, nimenunua draivu ya kuchomea DVD. Ndiyo, mwaka huu, si mwaka 2005. Wenzangu kazini wamecheka mpaka basi: "Kwani flashi zimeisha mjini?" Waacheni wacheke. Mimi nasema yeyote mwenye CD za zamani nyumbani au ofisini anahitaji kifaa hiki kuliko simu mpya, na anakihitaji sasa.

Kwanza, CD tulizochoma wenyewe zinakufa. Ndani yake kuna tabaka la rangi ambalo leza hulibadilisha wakati wa kurekodi, na rangi hiyo huchakaa kwa jua, joto na unyevu. Mwaka 2003 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo unaoshauri diski zitunzwe kwenye nyuzi joto 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Haya niambieni, hapa Dar es Salaam nani ana kabati la namna hiyo? Tena wengi hulinda upande unaong'aa tu, wakati kwenye CD data ziko karibu kabisa na upande wa lebo. Mkwaruzo wa huko juu ndio wa kuogopa zaidi. DVD ina afadhali kidogo, maana tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili.

Pili, vifaa vyenyewe vinatoweka. Mwaka 2008 Apple walitoa MacBook Air isiyo na draivu, na leo laptopu nyingi mpya hazina. Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Unadhani baada ya miaka kumi utaipata wapi draivu nzima?

Ya kwangu ya zamani, kwenye kompyuta ya mezani, ilikufa nusu nusu. CD ilisoma, DVD ikagoma. Msikubali kila fundi anayesema ni vumbi. Draivu ya DVD hutumia leza mbili: ya CD ni ya nanomita 780 na ya DVD ni ya 650. Moja ikifa, nyingine huendelea kufanya kazi, na hakuna kusafisha lenzi kutakakoifufua iliyokufa. Ukienda kununua mpya, chungulia kwanza waya ndani ya kompyuta. Mkanda mpana ni IDE, waya mwembamba ni SATA, na draivu za ndani zinazouzwa sasa ni za SATA. Mimi nilichukua ya nje, ya USB, kwa shilingi 75,000. Inaingia kwenye kompyuta yoyote, hata ya jirani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa CD ya mwaka 2007, ambayo baba mdogo alirekodi sauti ya bibi akieleza ukoo wetu ulivyoshuka kutoka milima ya Usangi. Bibi alifariki mwaka 2011. Dakika 40 zimesomeka, nyingine 6 zimegoma, na hakuna mtu mwingine anayezijua habari zilizokuwamo humo.

Zidisha hasara hiyo kwa ofisi zetu. Nimewahi kuona maboksi ya CD za picha za habari za mwaka 2004 yakisubiri gari la taka kwa sababu tu hapakuwa na kompyuta ya kuzifungua. Kiongozi aliyeahidi barabara siku ile yumo humo ndani, na ubao wa mradi uko nyuma yake. Tukizitupa, kesho akikana tutamjibu kwa nini?

Najua wapo watakaosema, "Weka mtandaoni." Sawa, lakini bila draivu utazitoaje kwenye diski? Na wanaouliza kwa nini ya kuchoma, si ya kusoma tu, wakumbuke virusi vya flashi kwenye steshenari zetu. Diski ya kurekodi mara moja haifutwi na kirusi. Nakala moja iwe kwenye diski ngumu, nyingine mtandaoni kama kifurushi kinaruhusu, na nyingine kwenye DVD mpya. Ukimaliza kuchoma, iamuru programu ihakiki diski nzima. Iliyogoma kusomeka usiikatie tamaa haraka. Ipo programu ya bure, GNU ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima kisha kurudia zile mbovu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shusheni yale maboksi juu ya kabati. Anzeni na CD zisizo na nakala popote, halafu ndiyo mje kwenye harusi na muziki. Asiye na draivu aazime, au watu watano wachangie moja. Elfu kumi na tano kila mtu si hela ya kushindana nayo, na kila masika yanayopita yanazila hizo diski.

Nawasilisha.