Acheni kufuta kioo kwa kiganja, ukungu huo mmeupakia wenyewe

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya kioo cha mbele cha gari linalobeba mzigo wako. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa mada. Sijaishiwa. Kiazi chako nimekifuata tangu mbegu mpaka gunia, na sioni sababu ya kukiacha pale kinapopandishwa kwenye Canter saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani na dereva anaendesha mkono mmoja huku wa pili unafuta kioo.

Huku kwetu, kuanzia Makete mpaka Njombe na Makambako, karibu kila mtu atakuambia kwamba kioo kuweka ukungu ni kazi ya baridi, baridi analeta Mungu, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kufuta. Mimi nakataa. Baridi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni maji, na hayo maji tunayaingiza garini sisi wenyewe.

Umande unaujua kuliko mimi. Hewa yenye joto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Chukua hewa ya ujazo wa mita moja kwa moja kwa moja. Ikiwa na joto la nyuzi 20 inaweza kubeba gramu kama 17 za maji. Ishushe mpaka nyuzi 5, inaweza kubeba gramu 7 tu. Zile 10 zilizozidi lazima zitue mahali. Usiku zinatua kwenye jani la kiazi na kukuletea ule ugonjwa unaokumalizia hela ya dawa. Alfajiri, ndani ya gari, zinatua kwenye kioo.

Sasa hesabu mwenyewe kilichomo ndani ya kabini. Dereva, utingo, na wewe mwenye mzigo, wote mnapumua, na kila mmoja anatoa vijiko kadhaa vya chai vya maji kwa saa kwa pumzi na ngozi. Makoti yamelowa umande. Viatu vina tope. Chini ya kapeti kuna maji yaliyovuja kupitia mpira wa mlango uliochakaa tangu masika. Nyuma ya kiti kuna kiroba cha mboga zilizooshwa, za kumpelekea shemeji mjini. Kwenye Noah ya abiria ni hivyo hivyo mara nne, maana viti saba vimebeba watu kumi na moja na kuku wawili. Halafu vioo vyote vimefungwa kwa sababu ya baridi, na tunashangaa.

Kinachonikera zaidi ni kitufe kimoja. Magari mengi haya yaliyotoka Japani yana kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kikiwashwa, hewa haitoki nje, inazungushwa hiyo hiyo mliyokwisha kuipumua. Madereva wetu wanakiwasha asubuhi ya baridi na kukiacha. Ukimwuliza anajibu, "Bosi, nje kuna ukungu, nikifungua hewa ya nje si ndiyo naongeza maji?" Jibu linaonekana la akili, lakini ni uongo mtupu. Hewa ya nje ya nyuzi 5, hata ikiwa imejaa ukungu, ina gramu kama 7 tu za maji. Ipitishe kwenye hita ifike nyuzi 20, inakuwa hewa kavu yenye kiu, na inapogusa kioo inakunywa ule unyevu na kutoka nao nje kwa upenyo wa dirisha. Kwa hiyo zima mzunguko wa ndani, washa hewa ya nje, hita mpaka mwisho, na feni ielekezwe kwenye kioo cha mbele. Alama yake ni ile ya kioo chenye mishale iliyopinda inayopanda juu. Dirisha liache wazi upana wa vidole viwili. Utahisi baridi shingoni. Vumilia.

Kama gari lina AC, washa na AC pamoja na hita. Watu wananicheka nikisema hivi, wanadhani AC ni ya Dar es Salaam. Lakini kazi ya AC si kupoza peke yake. Inakausha hewa. Maji yale unayoyaona yakidondoka chini ya gari lenye AC yametolewa kwenye hewa ya ndani. "AC inakula mafuta." Ndiyo, inakula kidogo, nawe unaihitaji dakika chache tu mpaka kioo kifunguke. Kwenye baridi inayokaribia sifuri AC nyingi hujizima zenyewe, hapo tegemea hita na hewa ya nje.

Hapo kwenye hita ndipo nina ugomvi na mafundi wetu. Gari likichemsha mara moja mlimani, fundi wa kwanza anayeitwa anang'oa thamostati na kuitupa. Thamostati ni vali ndogo inayoenea kiganjani. Kazi yake ni kuzuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, ambalo kwa magari mengi ni nyuzi 80 na kitu. Fundi atakuambia, "Hii ni ya Ulaya kwenye theluji, huku haina kazi." Anasema hayo akiwa amevaa makoti mawili! Ni huku kwetu hasa ndiko inakofanya kazi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi ya yale uliyoogopa kupoteza kwenye AC, na hita inapuliza hewa ya vuguvugu isiyoweza kupasha kioo. Gari lililochemka lina ugonjwa wake: rejeta chafu, mfuniko wa rejeta uliokufa, pampu, feni. Hutibu homa kwa kuvunja kipimajoto. Wengine wameenda mbali zaidi. Hita ikivuja, mipira yake miwili inaunganishwa yenyewe kwa yenyewe na hita inakuwa pambo. Na kama gari lako linaweka ukungu wenye mafuta mafuta, usiofutika vizuri na wenye harufu kama ya utamu, hiyo ni kulanti inavuja kwenye hita. Hapo tengeneza hita, usihangaike na kioo.

Lakini nisiwaonee mafundi na madereva peke yao. Wewe mwenye mzigo ndiye mwenye kauli, kwa sababu wewe ndiye unayelipa. Unabishana na dereva nusu saa juu ya nauli ya gunia, unabishana na mnunuzi juu ya lumbesa, halafu dereva akiomba dakika kumi injini ipate moto unamwambia, "Twende bwana, tutakuta soko limejaa." Gari likienda kilomita 60 kwa saa linapita mita 50 ndani ya sekunde tatu. Sekunde tatu ndizo anazotumia kufuta kioo. Kwenye hizo mita 50 kuna watoto wanaokwenda shule gizani, kuna mama mwenye kuni kichwani, kuna trekta lisilo na taa. Kabla hujapatana bei, panda kabini, mwambie awashe hita, weka mkono kwenye tundu la feni injini ikiwa imepata moto. Kama hewa ni baridi, tafuta gari jingine. Uliowaacha nyumbani wanakutegemea.

Kuhusu dawa za mitaani. Kiazi kilichokatwa, ambacho huku hakikosekani, kinaacha utando wa wanga, na taa za gari linalokuja usiku zinatawanyika kwenye huo utando mpaka huoni kitu. Kula kiazi chako. Soksi yenye chumvi inavuta unyevu kidogo usiku gari likiwa limelala, si mbaya, ila yenyewe hulowa na haiwezi kushindana na pumzi za watu kumi na moja. Sabuni inasaidia kweli: paka tone la sabuni ya maji upande wa ndani, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kiwe safi. Maji hayatakaa kwa vitone, yatatandaa. Ni ya siku chache, unarudia. Lakini kwanza osha kioo, kwa sababu mafuta ya viganja vyenu na moshi wa sigara ndivyo vinavyoshika ukungu. Na kioo chenye barafu kwa nje kisimwagiwe maji ya moto, kitapasuka.

Wanaofikisha mzigo Dar au Tanga watakutana na kinyume chake. Kule nje ni joto na unyevu, ndani AC imepoza kioo, na ukungu unakaa upande wa nje. Ukifuta ndani mpaka kesho hautoki. Piga waipa, punguza ubaridi, elekeza feni mbali na kioo.

Na vijana wa bodaboda mlioniuliza juu ya kioo cha helmeti: ni sabuni ile ile, upande wa ndani, na kioo kikiinuliwa kidogo pumzi ipate pa kutokea. Msikivue kichwani mkaning'iniza helmeti kwenye kiwiko. Nawaona.