Bayodizeli kwenye pikapu: huku Ghuba tuogope kiangazi, si baridi

Tangu pikapu yangu ya kazi ianze kutumia bayodizeli, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: jee, unaweza kuitumia mwaka mzima, au ni ya msimu tu? Jawabu yangu ni ndiyo, mwaka mzima inawezekana, lakini kwa sharti. Na sharti lenyewe silo lile ambalo watu wengi wanalitaja.

Ushauri mwingi tunaousoma kwenye simu zetu unatoka nchi za baridi. Kule Marekani, jimbo la Minnesota lina sheria ya kuchanganya asilimia 20 ya bayodizeli kwenye dizeli miezi ya joto, kisha kushuka hadi asilimia 5 baridi inapoingia. Sababu ni kuwa bayodizeli huganda mapema kuliko dizeli ya kawaida. Kwao ni sawa kabisa. Lakini kijana wa Sharjah au Seeb akiubeba ushauri huo kama ulivyo, atajikinga na adui asiyekuwepo, na yule aliyepo atamwachia mlango wazi.

Kwanza tuelewane kwenye majina. B20 maana yake ni lita 20 za bayodizeli ndani ya kila lita 100 za mchanganyiko, zilizobaki ni dizeli ya kawaida. B5 ni lita 5, na B100 ni bayodizeli tupu. Na bayodizeli si mafuta ya kukaangia yaliyochujwa kwa kitambaa. Ni mafuta yaliyopikwa pamoja na methanoli na kostiki mpaka gliserini ikajitenga, kisha yakasafishwa na kukaushwa. Mafuta ya jikoni yenyewe ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Watu hupenda kutaja kuwa kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, lakini ile ilikuwa mashine ya zama zake. Nozeli za pikapu za leo zina matundu membamba mno na pampu yake inasukuma kwa nguvu kubwa sana. Ukimimina mafuta ya sambusa za Ramadhani humo, bili ya gereji itakufunza. Wala msijaribu kupika nyumbani: methanoli ni sumu, inashika moto kwa wepesi, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa yetu. Bayodizeli iliyotokana na mafuta ya mawese huanza kufanya ukungu ikiwa tupu kwenye nyuzi 15 hivi. Wenye kumbukumbu ya mafuta ya kupikia yanayoganda kwenye dumu asubuhi za baridi huko Afrika Mashariki wanaelewa nasema nini. Lakini kwenye B20 kiwango hicho kinashuka sana, na usiku wa Januari Dubai au Muscat kwa kawaida ni wa nyuzi kumi na kitu. Hapo hapana wasiwasi. Wa kujihadhari ni mwenye kupanda Jebel Akhdar au Jebel Shams kulala huko wakati wa baridi. Kule juu baridi hukaribia sifuri, na Jebel Shams hushuka chini yake. Mtu huyo ajaze dizeli ya kawaida kabla ya kupanda. Mambo yamekwisha.

Adui wetu ni Julai na Agosti. Bayodizeli ikikaa kwenye joto huchacha, kama mafuta yoyote ya jikoni yanavyochacha, ikatoa asidi na utomvu unaonata. Pili, inavuta maji kuliko dizeli, na hewa ya pwani zetu wakati huo imejaa unyevu. Maji yakitua chini ya tangi, vijidudu huota hapo, na utelezi wao ndio unaokwenda kuziba filta.

Na sisi ndio watu wa kuacha gari zilale! Skuli zikifungwa familia nzima inakwenda Unguja, Pemba au Mombasa, miezi miwili, na pikapu inabaki juani na nusu tangi la B20. Ukirudi inakohoa, na lawama zote anabebeshwa aliyekuuzia mafuta. Gari inayotembea kila siku inaimaliza bayodizeli kabla haijaharibika. Gari inayolala haifai kabisa. Kwa hivyo wiki chache kabla ya safari rudi kwenye dizeli ya kawaida, uimalize ile ya zamani, kisha iache gari kivulini na tangi limejaa hadi juu ili hewa yenye unyevu isipate nafasi.

Yangu ina mwaka wa tatu kwenye B20, inapeleka vyakula kila siku baina ya Sharjah na Jebel Ali. Miezi ya mwanzo nilibadilisha filta mara mbili, kwa sababu bayodizeli inasafisha uchafu wa zamani uliogandia ndani ya tangi na kuuleta wote kwenye filta. Baada ya hapo imetulia. Moshi umepungua, na pampu inapata ulainisho ambao dizeli ya siku hizi, iliyoondolewa salfa, inao kidogo. Mafuta yanakwenda zaidi kidogo tu, asilimia moja au mbili, kwani bayodizeli ina nguvu pungufu.

Wazee wetu hawaitaki. Ami yangu mmoja husema, "Mwanangu, mafuta ya sambusa yaache jikoni." Hoja yao nzito ni dhamana ya gari, na hapo wana haki. Watengenezaji wengi wanaruhusu B5 au B7 tu. Kitabu cha gari ndicho kadhi. Kikisema B7, basi ni B7 mpaka dhamana imalizike. Na pikapu mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zina jambo lao: bayodizeli kidogo hupenya ikaingia kwenye oili ya injini, kwa hivyo oili ibadilishwe mapema zaidi.

Lakini kusema haifai kabisa, hapana. McDonald's ya Imarati imekuwa ikiendesha malori yake kwa bayodizeli ya mafuta yake yenyewe ya kukaangia tangu 2011, katika joto hili hili letu. Indonesia, nchi ya joto kama kwetu kwa asili, imefika B40 mwaka 2025. Joto peke yake si kizuizi. Kizuizi ni mafuta yaliyokaa.

Basi kabla hujanunua, muulize muuzaji mambo matatu: imetengenezwa lini, imehifadhiwa wapi, na cheti cha vipimo kiko wapi. Akibabaika kwenye hata moja, ondoka zako. Pikapu ndiyo riziki ya nyumba nyingi hapa, na ada za skuli za watoto zinatoka humo. Mwenye gari ya kila siku, kitabu kinachomruhusu na muuzaji mwenye majibu, atumie B20 mwaka mzima na asiogope. Mwenye gari ya wikiendi, abakie na dizeli yake.